Baba Yetu Tatu Kabla ya Kuzima Moteri

Ndugu zangu wa shirika letu la sala, mukae tu, sitasimama hapa sana. Nawaona munavyochekana: huyu papa wa remorki, akishika neno haliachi. Leo nitajikaza. Nimekuja kurudisha neno moja nililosema hapa hapa, mbele yenu, na halikuwa kweli.

Munaijua pick-up yangu. Asubuhi inapeleka walimu kazini, na siku ya soko ya Sange inakokota remorki, tela yangu ya mizigo, inarudi na mifuko ya muchele. Zamani moteri yake haikuwa na turbo. Kupanda mulima wa Ngomo na ile muzigo, nilienda pole pole hadi wamama wenye kubeba ndizi kwa mugongo walinipita, tena wananisalimia.

Nikaenda kwa mekanisien mumoja, fundi wa magari wa Cimpunda, papa mupole, mutu wa maneno kidogo. Akanifungia turbo, akarekebisha pompi ya mazuti, ile dizeli. Siku ya kuchukua gari, bibi yangu, mama ya watoto wangu, alikuwa amekaa ndani, anasikia yote.

"Papa," yule mekanisien akasema, "hii nimeitengenezea kazi ya kila siku na kukokota remorki, si mashindano. Ukimaliza kupanda mulima, usizime moteri mbio. Turbo iko moto sana, na mafuta ya moteri ndiyo inaipoza. Acha izunguke pole pole, sema Baba Yetu tatu, ndipo uzime."

Nikacheka. Nikamuuliza kama kwa Waprotestanti turbo inapoa namna gani.

Sasa musikilize upumbavu. Muzee wangu, aliyenifundisha kuendesha, akifika juu ya mulima alikuwa anazima moteri, gari inashuka yenyewe, mazuti inabaki. Sisi mashofere wa hapa wengi tumekua na tabia hiyo. Munaguna nini? Munajua! Basi mimi na turbo yangu nikawa napanda Ngomo kama mutu anayeitwa kula, nikifika juu, kwisha, nazima. Baba Yetu hata moja sikusema.

Siku moja tulitoka Sange na muchele, bibi yangu kando yangu. Juu ya mulima nikashika funguo. Akaniuliza, "Papa, na zile Baba Yetu?"

"Utazisema wewe," nikamujibu. Nikazima.

Muteremuko ukaanza, remorki ikatusukuma kwa nyuma. Nikakanyaga freni mara ya kwanza, ikashika. Mara ya tatu pedale ikakuwa nguvu kama jiwe, kwa sababu moteri ikizimwa, freni haina tena musaada. Upande mumoja korongo, upande wa pili mulima. Nikageuzia gari kwa mulima, tukagonga. Mimi nilitoka nikitembea. Mama ya watoto wangu alivunjika muguu.

Hiyo ingetosha kunifundisha adabu. Hapana. Mafundi wengine walipofungua moteri wakakuta turbo nayo imeungua, na hapo nikapata wa kusingizia. Munakumbuka? Nilisimama hapa nikawaambia yule mekanisien alinifungia turbo mubaya, ikaharibu freni, karibu atuue. Mukanihurumia, mukatuombea, na wengi wenu mukaondoa magari yenu kwake. Garaji yake ikabaki na kuku.

Bibi yangu alikuwa hospitali, hakujua kitu. Aliporudi na magongo, jirani akamusimulia. Hakupiga kelele. Akaniambia, "Muguu nilikusamehe siku ile ile. Lakini yule papa umemuvunja kuliko mimi. Sitapanda gari yako hadi umuambie kweli, yeye na shirika."

Gari ikatengenezwa mbele palipogonga, ikasimama inje bila turbo. Kila asubuhi nilimuona bibi yangu anatembea kwenda soko na magongo, anapita kando ya gari bila kuiangalia. Nilikuwa na haya, ndugu zangu. Hata hivyo nilishikilia kiburi wiki tatu.

Ndipo nikaenda Cimpunda. Nilimuambia yule papa yote, nimesimama. Alikuwa anafuta mikono na kitambaa, na mikono haikuwa na uchafu wowote, kwa sababu kazi haikuwepo. Akatundika kitambaa. Kisha akauliza, "Turbo iko wapi?"

Nililia pale kama mutoto, nikaitoa ndani ya gari. Akaifungua mbele yangu, akanionyesha mafuta yaliyokauka ndani, meusi sawa masizi ya chungu. Akaitengeneza, akairudisha kwa moteri.

Kwa hiyo leo nasema: turbo ilikuwa muzuri. Freni ilikuwa muzuri. Mubaya nilikuwa mimi. Nawashukuru ninyi muliotuletea chakula hospitali, hata kama muliniletea mimi mwenye uongo. Namushukuru yule papa. Garaji yake iko wazi, murudishe magari. Na ukiharibu kitu, sema ni wewe wakati kingali kidogo, usingoje kivunje mutu mwingine.

La mwisho. Asubuhi hii nilimuambia bibi yangu kwamba leo nitasimama. Akatoka inje, akaangalia gari, akapanda. Sikuwa nimewaambia ninyi neno bado, na yeye akapanda. Mulisikia moteri inaunguruma hapa inje, mukajiuliza juu ya nini hatuingii. Tulikuwa tunasema. Ya kwanza, ya pili. Kwa ya tatu, pale kwa "utusamehe makosa yetu", sauti yangu ikakatika. Akaimaliza yeye peke yake, kisha akaweka mukono juu ya wangu.

"Zima sasa, Papa."