Magunia ya Mbegu Kitandani kwa Binti Yangu

Zimeota! Nimetoka kuziona asubuhi hii kwa macho yangu mwenyewe, nimepiga magoti hadi gauni likajaa mchanga. Zimeota, ni kijani, zina majani mawili mawili, na mwanangu aliyezipanda hayupo wa kuambiwa.

Nisameheni, nimeanzia mwisho. Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu meneja wa kampuni ya kokoto unayetuaga leo, mwenyekiti wetu wa kamati ya mapokezi, wafanyakazi, majirani, kina mama wenzangu, na nyie watoto mliokaa sakafuni, nawasalimu nyote. Nimeambiwa niseme maneno machache kwa niaba ya familia. Aliyeniambia hanijui.

Binti yangu mlimwita Miiba. Alijua, na alicheka. Mimi sikucheka. Shule niliishia njiani, lakini nilizaa kichwa! Tangu shule ya msingi hakuna aliyempita, na walimu wake wako hai, waulizeni. Sasa aliporudi na shahada yake, akaanza kuzunguka jangwani kukusanya mbegu za vichaka, jirani yangu akaniuliza juu ya ukuta, "Shoga, kusoma kote kule kumbe ni kuokota miiba?" Nikanyamaza kutwa nzima, na mnaonijua mnajua hiyo kwangu ni adhabu gani.

Nikamwambia, "Mwanangu, si upande hata michungwa, watu wale?"

"Mchungwa utakunywa maji ya nani, mama? Malori yameikanyaga ardhi hii mpaka imekuwa saruji. Vichaka hivi ndio wenyeji wake, kiu wanaijua. Sisi tuwarudishe tu kwao."

Na kuwarudisha kwenyewe ndiko huku: anapasua ardhi iliyoshindiliwa, anafukia mbegu juu juu, kisha anatandaza matawi makavu, ili upepo ukipita udondoshe mchanga hapo na mche upate kivuli. Ukitazama unaona takataka. Ndiyo maana, mwenyekiti wangu, nakusifu mbele ya mheshimiwa kwamba wewe ni mtu wa usafi. Wageni walipokaribia kuja kukagua kazi yake, uliwatoa vijana na mafagio, mkafagia jangwa. Mkalifagia likang'aa! Matawi yote mkayatia moto. Nani mwingine chini ya jua amewahi kufagia jangwa? Cheka, mwenyekiti, usiinamishe kichwa. Hata yeye hakukuchukia.

Alikushika mkono akakushukuru, nilikuwepo. Lakini nyumbani nilimkuta amesimama mbele ya sinki, bomba linamwagika, yeye analia. Nikafunga bomba, nikamwambia, "Kawagombeze!"

"Niwagombeze kwa lipi, mama? Walitaka nisiaibike mbele ya wageni."

Kesho yake akarudi kutafuta matawi mengine, na kifua chake kile, ambacho daktari alishamwambia akipumzishe. Nilimkataza. Mama gani asingekataza? Akanijibu, "Mvua ikitukuta ardhi iko wazi, kila kitu kitaondoka na maji na upepo." Matawi yalitosha nusu ya eneo. Na nguvu zake zikaishia hapo hapo.

Yaliyofuata mnayajua, mlikuja wote. Viti vya msiba havijarudishwa kwa wenyewe, mvua ikanyesha. Nilisimama mlangoni nikaichukia mvua ile. Ingepungukiwa nini kuwahi kidogo?

Leo nimeona. Penye matawi pameota, na palipofagiwa ni peupe kama kiganja. Sisemi ili kumsuta mtu. Nasema kwa sababu ndugu meneja anafunga ofisi, mkataba umekwisha, mashine zinaondoka, na barabara yote ya malori, kutoka machimboni hadi makaburini anakolala yeye, bado iko uchi. Mbegu alizoikusanyia ziko chumbani kwake, magunia juu ya kitanda, sijapata moyo wa kuyagusa. Jana nimeweka sikio nikasikia wadudu wanatafuna ndani. Mvua hii ikizipita, zitakuwa unga. Je, nizifagie kama vumbi, kazi yake ya mwisho? Au nikazipande peke yangu, na magoti haya?

Nilimzaa mmoja tu. Nikajivuna naye kama mwenye kumi, na bado najivuna, msinikataze. Lakini majivuno ya mama hayapasui ardhi. Ardhi inapasuliwa na mikono, na mikono ndiyo nyie.

Mheshimiwa, ndugu meneja, mwenyekiti, ndugu zangu wote, nawashukuru mlivyonisikiliza bila kunikatiza. Udongo ungali laini. Njooni na majembe, njooni na matawi makavu, magunia nitayatoa mimi mwenyewe. Tunaanzia kwenye geti la machimbo, Jumamosi hii, jua likichomoza.