Mama Nukta Hakustaafu

Ndugu zetu, majirani, walimu na wote mliotoka majumbani kwenu kuja kumsindikiza dada yetu, familia imenipa karatasi mbili zilizopigwa chapa vizuri nizisome mbele yenu, na nitazisoma, ila kuna sentensi moja ukurasa wa pili ambayo haitapita kinywani mwangu, nayo ni ile inayosema kwamba marehemu alistaafu kwa heshima mwaka 2014, kwa sababu marehemu hakustaafu, aliondolewa, na mimi mdogo wake ninayesoma hapa ni mmoja wa waliomwondoa. Nikifika hapo nitaeleza, kwa sasa niruhusuni nianze alipoanzia yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mpasua mbao na mama aliyekuwa akifua nguo za watu, nami nikamfuata miaka minne baadaye. Alianza shule ya msingi Januari 1969 akamaliza Novemba 1975, mwaka mmoja baada ya mama yetu kufariki, akiwa wa tatu katika darasa la watoto arobaini na wawili. Karatasi inasema hakubahatika kuendelea na masomo, maneno mazuri sana, kana kwamba bahati ilipotea njia, lakini ukweli ni kwamba baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, akanichagua mimi kwa kuwa ni mwanamume, mimi ambaye hata baada ya miaka mitatu darasani nilikuwa nikizitazama b na d kama mapacha wa jirani, sijui yupi ni yupi. Aliyeniondolea aibu hiyo ni yeye, maana jioni akishaosha vyombo alinichorea herufi kwa mkaa juu ya sakafu ya saruji, herufi kubwa, nene, zenye nafasi ndani, akanipa kipande cha tofali na majani mabichi nizijaze rangi, kisha akanishika kidole na kukipitisha juu yake mara kumi, mara ishirini, mpaka mkono ukazoea. Baba alifoka kwa ajili ya sakafu yake, dada akaisugua, na kesho yake akachora tena.

Tarehe 7 Januari 1985 aliajiriwa katika shule ya hapa mtaani kama mfagizi, na tarehe 20 Desemba 1986 akafunga ndoa na fundi cherehani, mtu mpole aliyependa utani, aliyetutangulia mwaka 2009, wakajaliwa mtoto mmoja wa kike, ambaye ni mpwa wangu mnayemwona pale mbele, nesi kwa kazi yake. Mwaka 1988 mwalimu wa darasa la awali alikwenda likizo ya uzazi asirudi, mwalimu mkuu wa wakati huo akamwambia dada awashike watoto kwa wiki mbili mpaka apatikane mtu, na wiki mbili hizo zikawa miaka ishirini na sita. Kila mwalimu mkuu aliyekuja alimwahidi kumpeleka chuo akapate cheti, na kila nafasi ilipotokea alipelekwa mwingine, na wengine wao aliwafundisha yeye mwenyewe kushika penseli.

Wengi wenu mnajua jina la Mama Nukta lakini hamjui lilikotoka, basi niwaambie kwamba alichukua kile kigurudumu chenye meno ambacho mumewe alikiviringisha juu ya kitambaa kuhamisha alama za mshono, akakiviringisha kwa umbo lililogeuzwa kama kwenye kioo juu ya karatasi tano zilizopangwa pamoja, na herufi ikatokea kwenye zote kwa vitobo vidogo vidogo. Alimgeuzia mtoto karatasi upande wa nyuma, vitobo vilipotokeza, akamfumbisha macho aipapase herufi kwa kidole, kisha akamfumbua macho aijaze rangi upande uleule, na mwisho apitishe penseli juu ya nukta. Hakuanza na a kama wenzake, alianza na herufi ya kwanza ya jina la mtoto, kwa hoja kwamba mtu hujifunza kwanza njia ya kwao. Mtoto aliyepaka rangi ikavuka mstari hakugombezwa, aliambiwa tu kwamba herufi yake imevaa nguo kubwa, haidhuru, itakua. Hapa mbele yangu namwona fundi bomba, namwona karani wa mahakama, namwona dereva wa lori, wote vidole vyenu vilipita katika vitobo vile, na mwaka 2014 sikumsikia hata mmoja wenu akikohoa.

Sasa nimefika. Mwaka huo alikuja mwalimu mkuu mpya, ambaye leo ameketi safu ya mbele na shada lake la maua, akaja na vitabu vilivyochapishwa, herufi ndogo ndani ya mistari, watoto wa miaka mitano wakatakiwa kunakili kurasa nzima, na wazazi wakafurahi kwa sababu daftari lilijaa. Alisema Mama Nukta anachelewesha watoto, kwamba kupaka rangi ni mchezo, kwamba mkaguzi akija atamkuta mfagizi asiye na cheti ameketi sakafuni na watoto, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha, na shule itachekwa. Kamati ya shule, nami nikiwa mjumbe, ilikaa tarehe 6 Novemba 2014 katika chumba cha walimu, tulikuwa saba, watatu wakainua mikono aondolewe, watatu wakakataa, na mkono wa saba ulikuwa wangu. Niliuinua. Nilikuwa nimedokezwa kwamba uenyekiti wa kamati ungekuwa wazi Januari, na zaidi ya hapo, nisiwafiche, nilikuwa nikimwonea haya dada yangu, kila nilipopita na wenzangu dirishani mwa darasa lile na kumwona amepiga magoti juu ya mkeka. Sikuinua mkono tu, nilisema pia, nikasema kwamba mbinu zile zimepitwa na wakati na hazijamsaidia mtu, mimi ambaye bila mbinu zile nisingeweza hata kuusoma muhtasari wa kikao niliotia sahihi. Kikulacho ki nguoni mwako, na katika nguo za dada yangu nilikuwa mimi. Uenyekiti niliupata.

Alihamishiwa stoo, akawa anagawa chaki na mifagio. Karatasi zake za miaka ishirini na sita zilibebwa kwa magunia mawili hadi jikoni, mpishi wa shule akawa anawashia moto, na mimi nilizikuta jikoni siku moja nilipokwenda kukagua sufuria mpya, nikaikagua sufuria, nikatia tiki, nikaondoka. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio ndicho hiki.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na yangu yalikuja na mjukuu wa kweli, maana mwaka 2019 mwana wa binti yangu alimaliza mwaka mzima na vile vitabu vya mistari asiijue hata herufi moja, akawa analia kila asubuhi avalishwapo sare, nikamchukua, bila haya, nikampeleka kwa dada. Alimpokea barazani, akakitoa kigurudumu, na kwa Jumamosi kumi na moja mtoto akajifunza kusoma. Siku ya mwisho dada alinisindikiza mpaka kwenye geti, akanishukuru kwa kumletea mtoto, kwa kuwa alikuwa na hamu na watoto.

Tarehe 23 Februari 2021 alianguka stoo kwa kiharusi, kikachukua upande wote wa kulia, mkono, mguu na usemi. Mwanawe alimtobolea herufi kwa kigurudumu, na kwa mkono wa kushoto akaanza kuzijaza rangi, akitoka nje ya mistari, akinung'unika, akirudia. Tarehe 2 Februari mwaka huu nilikwenda nimedhamiria kumwambia habari ya kikao kile, nikaketi kando ya kitanda saa mbili nzima nikimpa kalamu za rangi moja baada ya nyingine, nikaaga nikiwa sijasema neno. Hali ilibadilika Julai, na tarehe 9 Agosti 2022, saa nne asubuhi, alifariki, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili na mdogo mmoja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake waliomhudumia bila kuchoka, namshukuru jirani muuza mkaa aliyembeba mgongoni siku barabara ilipojaa maji, nawashukuru walimu watatu walioendelea kumtembelea, wenyewe wanajijua, na kwa uongozi wa shule nasema tumeliona shada, ni kubwa.

Nilikuwa nimepanga kumaliza kwa kumwomba radhi hapa mbele ya jeneza, nikijua kwamba alikufa bila kujua. Lakini jana, tulipokuwa tukichagua nguo za kumvalisha, mpwa wangu aliniambia kwamba mama yake alijua tangu siku ileile, tarishi aliyepeleka chai kikaoni alimweleza mkono wa saba ulikuwa wa nani. Alijua nilipompelekea mjukuu. Alijua nilipokuwa nikimpa zile kalamu za rangi, na macho aliyonitazama nayo mimi niliyaita ugonjwa. Dada, miaka minane hukunipa hata tusi moja la kushika, na kwa hiyo sijui radhi hii niianzie wapi. Pumzika kwa amani yako yote, ni haki yako, wala mimi usinigawie.