Jina la Tano

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Mama Fukusi, naye alilipenda, maana alisema wenzake huitwa kwa majina ya watoto wao, na wa kwake wa maabara walikuwa wengi zaidi.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kibanda cha baba, fundi saa, akamaliza sekondari mwaka 1976 na stashahada ya maabara mwaka 1979, na tarehe 2 Januari 1980 akaajiriwa kuwa msaidizi katika taasisi ya utafiti wa nafaka, chumba cha mwisho kwenye korido, chenye mitungi ya kioo mia mbili ya kufugia fukusi, wadudu wanaotoboa nafaka. Mwaka 1984 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu hapa, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1991, baada ya miaka sita ya kuhesabu mayai kwa darubini, aligundua kwamba fukusi jike hukataa kutaga kwenye mahindi yaliyochanganywa na majivu ya magunzi, akaandika makala, akaituma kwenye jarida, ikarudi baada ya siku tisa haijasomwa, na mkuu wa idara akamshauri kwa upole kwamba jina lisilojulikana halifunguliwi mlango, hivyo atangulize la kwake yeye mkuu, na kweli makala ikapita, dada akiwa jina la tano. Alijiendeleza kimasomo huku akifanya kazi, na alipoandika tasnifu ya uzamivu mwaka 2003, watahini walimwagiza aandike kwamba ugunduzi ule ni wa mkuu, naye akaandika, akarudi nyumbani, akafua mapazia yote. Tangu makala ile ya 1991 alitamani kitu kimoja tu, kuona jina lake limewekwa la kwanza, na kila jarida jipya lilipofika maktaba alilifungua kama mtu anayetafuta matokeo ya mtihani, ingawa alijua hakuna alichotuma.

Tarehe 20 Februari 2021, dada akiwa amelazwa kwa ugonjwa wa figo, mwanafunzi wake wa mwisho alimletea makala yao, jina la dada likiwa juu kabisa. Aliliangalia muda mrefu, akaomba kalamu, akalishusha na kumpandisha mwanafunzi yule, akisema yeye hatafuti tena kazi, mwenzake ndiye anayetafuta. Mimi mdogo wake nilikasirika, nikamuuliza miaka thelathini yote alikuwa akingoja nini, akanijibu kwamba ameliona, imetosha, nami nilijua ananidanganya, kwa sababu alikuwa akilia. Alifariki tarehe 14 Aprili mwaka huohuo, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kutuchotea maji, na wafanyakazi wenzake mliofunga maabara leo ili mje kumzika. Makala imekubaliwa juzi, na mwanafunzi wake, aliyekaa pale, tunamwomba aiache jinsi dada alivyoipanga, ingawa mioyo yetu ilitaka vingine. Pumzika kwa amani, dada, hamu yako umetuachia sisi.