Gerben Hiemstra, Mpimaji wa Katamarani za Texel

Marehemu Gerben Hiemstra alizaliwa Oudeschild, kisiwani Texel, Uholanzi, tarehe 3 Februari 1944, mtoto wa pili wa Douwe Hiemstra, mshonaji nyavu, na mkewe Antje. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha chuo cha ufundi Den Helder, akahitimu mwaka 1962.

Alikuwa fundi mizani mpaka alipostaafu mwaka 2006. Kila kiangazi alikuwa pia mpimaji wa klabu yetu ya mbio za katamarani, mashua za matanga zenye miili miwili. Mabaharia wawili wakiwa wepesi kuliko kiwango, yeye ndiye aliyefunga vipande vya madini ya risasi kwenye mashua yao kufidia upungufu, maana mashua nyepesi huenda kasi zaidi. Hakunywa kahawa ya mshindani yeyote, asionekane anapendelea. Watu wakazoea kutomkaribisha. Alipoacha upimaji, mazoea hayo yalibaki.

Tarehe 12 Mei 1970 alimwoa Froukje Bakker, aliyekuwa pia baharia mwenzake kwenye katamarani yao. Hawakujaliwa watoto. Kufikia kiangazi cha 1997, saratani ilikuwa imemkondesha Froukje. Asubuhi ya mbio za kuzunguka kisiwa, rafiki na mshindani wao Klaas alimsihi Gerben aandike tu uzito wa mwaka uliopita, nani angelalamika? Gerben akamjibu kwamba mashua haijui mtu amekonda kwa nini.

Froukje akapanda mizani mbele ya watu. Alipoona mumewe anaongeza risasi, akasema, "Wee Gerben, unanipima au unanizika?"

"Nakupima. Sitaki waseme umeshinda kwa ugonjwa."

"Basi funga vizuri, zisinipigie kelele njia nzima."

Gerben na Froukje walimaliza wa pili, nyuma kidogo tu ya Klaas. Froukje alifariki Oktoba hiyo, na wapo waliomnunia Gerben hata makaburini. Katamarani yao huendeshwa na watu wawili. Hakutafuta wa pili.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2017. Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Novemba 2019, akiwa peke yake. Banda lake la mashua lilipofunguliwa, katamarani yao ilikutwa imeng'arishwa, na risasi za Froukje zimefungwa pale pale, barabara.

Ameacha dada, Tjitske, na mpwa, Ymkje, anayewasomea wasifu huu. Baada ya maziko kutakuwa na kahawa klabuni. Klaas ameomba amimine yeye kikombe cha Gerben.

Mbio zimekwisha, mjomba. Safari hii kipokee kikombe, upumzike.