Njia ya Zamani Ilimchukua Tata Banza

Wasikilizaji wapendwa, kama uko na sufuria motoni, punguza moto kidogo usikilize. Kama uko kwenye usukani, sikiliza pia, lakini macho yabaki barabarani. Ni mimi Mama Gradi. Leo tunamkumbuka mzee wetu, Tata Banza Symphorien, dereva wa kamio, lori la mizigo, miaka hamsini na sita, mkaaji wa Manika hapa Kolwezi. Tata Banza alifariki Jumanne ya wiki iliyopita. Tulimzika Ijumaa.

Alifia barabarani. Niseme vizuri: alifia mahali ambapo zamani palikuwa barabara.

Tata Banza alizaliwa Kisenge, kule kwenye migodi ya manganese. Miaka ishirini na minane aliendesha kamio kati ya Dilolo na Kolwezi. Alituletea samaki wa kukauka, muhogo na asali. Mama wa soko walijua honi yake: mbili fupi, moja ndefu. Akibeba mwanamke mwenye mimba alienda polepole sana, mpaka wanaume waliokaa juu ya mizigo wanamtukana. Yeye anawajibu: "Ninyi, mama zenu balibazala mukiwa munakimbia?" Wanacheka.

Mwaka jana, alipopeleka mzigo upande wa Likasi, vibao vilimchanganya. Kimoja kwa Kifaransa, kingine kwa Kichina, mishale inatazamana kama watu wanaogombana. Alifuata mmoja, akajikuta kwenye geti la kampuni. Walinzi wakamwambia: "Tata, mvi hizi zote, na kwenu hukujue?" Alirudi nyumbani na haya usoni.

Binti yake Jémima, anayesuka nywele hapa Manika, alimhurumia. Akamnunulia simu, akamwekea GPS, ile sauti ya mwanamke inayosema Kifaransa. Na baba akaipenda. Mama Ernestine, mjane wake, alinisimulia akicheka, machozi yanatoka: "Ile sauti ikisema geuka ku gauche, yeye anaitika, 'Oui, madame.' Mi, miaka makumi tatu ndani ya nyumba yake, hajanijibu 'oui, madame' hata siku moja."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye onyo.

Tata Banza alitoka Kolwezi kwa njia ile ile ya siku zote. Kule Kisenge gari likavunjika gia. Alikaa miezi miwili akingoja kipande. Katika miezi hiyo miwili, kampuni moja ya mgodi ilipanua shimo lake. Barabara ya zamani ikakatwa, ikafunguliwa nyingine ya kuzunguka. Sisi wa Lualaba tunajua, huku kwetu hata njia zinahama. Lakini yeye hakuwepo. Hakuiona ikikatwa.

Jumanne, saa mbili asubuhi, alikuwa anarudi, peke yake na mizigo. Ukitoka Dilolo asubuhi, jua linakuangalia usoni. Akafika kwenye njiapanda ambayo madereva wanaiita Carrefour ya Mikate. Njia ni mbili. Ya kushoto ni mpya. Ya kulia ni ya zamani, na imekatwa. Narudia kwa wanaosafiri leo: kushoto ni mpya, kulia imekatwa.

Vibao je? Kile cha bluu cha zamani, KOLWEZI na mshale wa kulia, hakuna aliyekiondoa. Kiko pale mpaka leo. Kipya cha njano, cha kuonyesha kushoto, kilisimama wiki tatu tu, kikaibwa. Bati lake ni zito, linatoa mbabula nzuri, jiko la makaa. Tusijifanye hatujui. Mimi mwenyewe napikia mbabula yenye rangi ya njano kwa chini. Niliinunua sokoni, sikuuliza bati limetoka wapi. Na tuta la udongo waliloweka kufunga njia, pikipiki za wachimbaji zimelikanyaga mpaka likalala. Ukitazama, unaona alama za matairi zinaingia. Unasema, njia iko wazi.

Basi kibao kilisema kulia. Simu ilisema kulia, kwa sababu ramani yake ilikuwa bado ya zamani. Na kichwa chake mwenyewe, baada ya miaka ishirini na minane, kilisema kulia.

Mtu mmoja tu alisema kushoto. Ni Mama Brigitte, anayeuza mikate pale pale. Hayo alikuja kuyasema msibani, siku ya tatu. Alisimama kwanza nje ya uzio, muda mrefu, akiogopa kuingia. Mama Ernestine akamwona. "Mama, ingia. Huku hatukule mutu."

Akaingia, akakaa chini, akasema akitazama mikono yake: "Anapunguza mwendo, anatoa kichwa. Mi namwambia, tata, kule banakata njia, pita huku. Ananionyesha simu. Anasema, 'Mama, mutoto wangu njo ananionyesha njia. Mi nimukatalie mutoto wangu? Pikipiki zinapita, nikiona mubaya nitageuza.' Anakamata mukate moja, anaenda. Na mi nikaacha. Nilikuwa nimekaa, sikusimama hata. Juu ya vile madereva banazoea kunicheka. Banasema, mama wa mikate anajua kupita satellite."

Pale mbele kuna mlima mdogo. Ukiupanda na jua machoni, huoni kitu. Ukishuka upande wa pili, baada ya mita chache, barabara imekwisha. Hakuna kibao, hakuna jiwe, hakuna kamba. Ni shimo. Hakupata nafasi ya kugeuza. Vijana wachimbaji ndio walioshuka, wakampandisha kwa kamba zao za kuvutia mifuko. Tunawashukuru vijana hao.

Sasa Jémima. Tangu Jumanne huyu mtoto alikuwa hajala. Kila mtu aliyeingia kutoa pole, Jémima alimwambia neno moja: "Mi njo nilimuua baba." Mama Brigitte alipomaliza kusema, sote tulimgeukia Jémima. Tuliogopa. Maneno ya marehemu yalikuwa yamemwangukia binti yake kichwani.

Jémima akauliza polepole: "Alisema vile? Mutoto wangu njo ananionyesha njia?"

"Alisema."

"Alikuwa amekasirika?"

"Hapana, mama. Alicheka. Alikuwa anajivuna na weye."

Akalia, wasikilizaji. Siku tatu alikuwa hajalia. Mama yake akamshika shingo, akamwambia: "Weye ulimupa kitu ya kumusaidia. Njia, haiko weye ulikata. Kibao, haiko weye uliiba. Simama, ukule." Akasimama. Alikula kidogo, bukari, ule ugali wetu, na mboga.

Mimi ni mama. Mtoto wangu Gradi anaendesha taxi-moto, pikipiki ya abiria, na simu ameifunga kwenye usukani. Kila asubuhi namwambia: hiyo simu haijui kilichochimbwa jana. Ananijibu, "Mama, unaogopa sana." Ndiyo, naogopa. Sisemi mtupe simu zenu. Zinasaidia, hata Tata Banza yake ilimsaidia mara nyingi. Nasema, mtu wa mahali akikuambia simama, simama umsikilize mpaka mwisho. Na wewe unayejua njia imekatwa, usiseme mara moja na kuacha. Wenye kazi ya kuweka vibao, ondoeni vya zamani. Na sisi wapishi, tukinunua mbabula, tuulize.

Kwa Mama Ernestine, kwa Jémima, kwa ndugu wote wa Kisenge na Dilolo: poleni sana. Redio hii inalia pamoja nanyi. Mungu ampokee Tata Banza na ampumzishe.

Nimalizie na neno alilotuambia Mama Brigitte akiaga: "Sitaita tena nikiwa nimekaa. Kitunga yangu ya mikate nitaiweka katikati ya ile njia ya zamani." Na ameiweka. Jana nilipita, nikaiona. Dereva mmoja alikuwa anapiga honi na kumtukana, eti anazuia barabara. Mama Brigitte alimwacha atukane mpaka achoke, kisha akamwambia aende kushoto. Akaenda kushoto. Alifika.