Mahari ya Magunzi

Benchi letu liko njia panda ya Kemambo, ubavuni mwa kibanda cha Waisiko, ambaye kahawa yake huanza saa moja asubuhi na kwisha birika linapotaka. Wasiokosa ni wanne. Hezekia tunamwita Sheria, kwa sababu alikaa baraza la kata miaka mitatu na baraza halijamtoka moyoni. Joram ni Chanjo. Aliwahi kuuza dawa za mifugo. Nashoni ni Sirari, maana kila wiki huenda mpakani na kurudi na maneno ya upande wa pili. Wa nne ni mzee Mseti, aliyeishi bila jina la utani hadi juzi, alipopewa la Kabati. Jumamosi hiyo Kabati alikuja na boksi la sabuni, akaliweka magotini, na kikombe chake hakukigusa.

— Humu wamo watano, — alisema. — Sita wako kwako, Hezekia. Nawataka kabla ya saa nne.

— Hawatoki, — alijibu Sheria. — Ni mahari.

Wanaozungumzwa ni ng'ombe wa kuchezea. Nchagwa, kaka yake Mseti, aliwafinyanga kwa udongo wa mtoni akiwa na miaka kumi, akawachoma katika moto mmoja na vyungu vya mama yao. Mwaka uliofuata surua ikamchukua. Picha hakuacha. Aliacha ng'ombe kumi na mmoja, na kwenye nundu ya dume alama ya dole gumba lake. Mseti aliwaweka kabatini nyuma ya kioo, miaka zaidi ya hamsini, na hakuna mtoto aliyewagusa. Sasa kambi moja ya watalii upande wa Ikoma inatengeneza chumba cha vitu vya kale, na mtumishi wa kambi alikuwa anakuja siku hiyo kuwachukua hao ng'ombe. Lakini wiki moja kabla, ufunguo ulisahauliwa kwenye kabati. Lilian, mjukuu wa Mseti, ana miaka saba na ana mwanasesere wa gunzi, kijana aliyefikia kuoa. Agness, mjukuu wa Hezekia, ana binti wa gunzi. Posa ikapelekwa, ikakubaliwa, na ng'ombe sita wakahama boma.

— Mahari gani ya magunzi? — aliuliza Mseti.

— Magunzi ni maharusi. Ng'ombe ni ng'ombe. Wameswagwa mchana kweupe, watu wanaona, wakaingia zizini kwangu. Ukitaka warudi, binti yangu arudi nyumbani. Haya, una lalamiko gani juu yake? Mvivu? Hapiki?

— Ni gunzi, Hezekia!

— Ulimpokea ukijua.

Chanjo alikuwa ameshaingiza kichwa ndani ya boksi.

— Kwanza hawa watano wanaumwa, — alisema. — Mmeuona huu unga mweupe mgongoni?

— Vumbi.

— Vumbi? Huku ni kukosa mkono, mura. Udongo unakula mafuta ya kiganja cha mtoto. Ukiufungia kwenye kabati unakonda. Ningekuwa bado na duka, ningewapa jiwe la chumvi walambe.

— Wacha hiyo maneno, — alisema Sirari. — Kuna mzee mmoja Nairobi ako na kagari ka bati, ka kuchezea, kako ndani ya boksi yake tangu kanunuliwe. Hafungui. Boksi ndiyo kitu, si gari. Siku moja mtoto wa askari wa getini akakatoa, akakasukuma sakafuni, vuuu, mara moja tu. Ikawa ni gari imetumika! Sasa ukivuka nayo mpaka, unatozwa ushuru wa gari kuukuu.

— Uliiona?

— Niliona boksi.

— Na ndani?

— Ndani hakuna anayeruhusiwa kuangalia. Wengine wanasema iko tupu. Lakini boksi ni safi, haina hata mkwaruzo.

Waisiko alimimina duru nyingine. — Kwa hiyo watoto wachezee boksi?

— Wachezee magunzi, — alisema Mseti. — Yamejaa shamba zima. Nchagwa alikuwa mmoja. Dume wamemvunja pembe, nimemwona jana kwa macho yangu! Wamempiganisha.

— Dume asiyepigana wa nini?

— Joram, pembe ile aliisokota Nchagwa. Kwa vidole vyake. Mimi nilikuwa nimechuchumaa hapo, nimemshikia maji.

Sirari alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Sheria alisubiri kidogo, kama walivyomfundisha barazani, kisha akaendelea.

— Halafu kuna ndama.

— Ndama gani?

— Wawili. Wamezaliwa Jumatano.

— Udongo umezaa?

— Agness amewafinyanga, wako juani wanakauka. Sasa hata mahari ikirudi, ndama waliozaliwa kwangu wanabaki kwangu. Nitafika mpaka kwa wazee wa ukoo.

— Karantini kwanza, — alisema Chanjo. — Siku ishirini na moja, wote.

— Na hereni za masikio, — aliongeza Sirari, — zile za plastiki zenye namba. Bila hizo hawapiti Ikoma.

Pikipiki ikasimama. Akashuka dada mwenye koti la kambi, daftari mkononi na kadi nyeupe kwenye mfuko.

— Shikamooni wazee. Naitwa Scholastica. Nimemfuata mzee Mseti.

— Marahaba. Ni mimi.

Alifungua boksi, akamtoa kila ng'ombe kwa mikono miwili.

— Tuliambiwa kumi na mmoja.

Sheria akafungua mdomo. Mseti akamkanyaga mguu.

— Wengine wako malishoni, — alisema Chanjo.

— Sawa. Naandika kadi za kuweka chini yao. Aliyewatengeneza?

— Nchagwa.

— Mwaka?

— Sabini na moja.

— Na wao wanaitwaje?

— Ng'ombe.

— Hapana, mzee, mmoja mmoja. Huyu mweusi, jina lake nani?

Mseti ana ng'ombe wa kweli kumi na wanne zizini. Kila jioni huwaita kwa majina, na hata waliokufa bado huwataja. Alimchukua yule mweusi, akamgeuza huku na huku.

— Huyu Nchagwa alimwita...

Chanjo alitazama viatu vyake.

— Aliwaita wote, — alisema Mseti. — Jioni, kwa sauti. Nilikuwa nayajua yote.

Waisiko aliinamisha birika. Yakatoka matone mawili na machicha.

— Wale sita wana majina, — alisema Sheria, safari hii si kwa sauti ya baraza. — Nawasikia watoto wakiwaita. Ila sikuyashika.

Mseti alimrudisha mweusi ndani ya boksi, akalikumbatia, akavuka barabara hadi kwa Hezekia. Juu ya ua wa minyaa tuliona kofia yake ikienda, ikasimama, ikashuka mpaka ikapotea.

— Nimsubiri? — aliuliza Scholastica, kalamu ikiwa juu ya kadi.

Tulikuwa tunasikiliza. Sauti ya Lilian, aliyekuwa akicheza huko na Agness, ilitaja jina. Sauti ya Mseti ikalirudia. La pili, akalirudia. Walifika la sita, halafu wakaongeza mawili ya ndama.

— Na hawa wa kwenye boksi, babu, wanaitwaje?

Kisha tukasikia boksi likiwekwa chini.

— Wape wewe majina. Anza na huyu mweusi.

Scholastica akafunika kalamu.