Kaseti Iliyovutavuta

Katika boti iliyotoka Kazimia kwenda Baraka, Henri alipiga kaseti ya roki ya Kibrazili kwenye redio yake, akatangaza kwamba magitaa yote ni kelele, isipokuwa wimbo wa mwisho. Suzanne, muuza samaki wadogo waitwao ndagala aliyeketi karibu naye, alishtuka kuzitambua nyimbo.

"Ishema, jirani yangu, aliniwekea hii kaseti mbele ya vita kuanza. Ilikuwa inavutavuta, sauti nzito, polepole. Nikamwambia Babrazili banaimba kama bagonjwa, nikatoka."

"Betri ya redio yake ilikuwa imechoka, mama," alisema Henri.

"Nilikuwa naona anaianika betri juani ipate nguvu. Sasa alikimbilia Bibokoboko, milimani kwa kabila lake, na huku kwetu banamwita adui."

Henri, ambaye hakuulizwa, alirudia kwamba ni kelele. Boti iligusa mchanga wa Baraka. Akanyoosha mkono azime redio.

"Acha kwanza iishe, baba," alisema Suzanne, bado ameketi. "Siku ile sikuingoja."